Maneno Yafuatanayo na Nishani

Mtu akionyeshwa nishani ya vita, jambo la kwanza alitazamalo ni utepe wake na chuma chake. Huigeuza mkononi, huupima uzito wake, kisha huirudisha kwa mwenyewe. Ni wachache wakumbukao kuuliza habari za karatasi. Maana kila nishani kubwa ya ushujaa hutolewa pamoja na maneno machache yaliyoandikwa, yaelezayo nani alitenda nini, mahali gani na siku gani. Chuma ni bubu. Karatasi ndiyo isemayo. Katika insha hii maneno hayo nitayaita tangazo, kwa kuwa hutangazwa na serikali, na nataka wewe msomaji na mimi tuyasome kama tusomavyo maandishi mengine yoyote: tuone yamejengwaje, nguvu yake iko wapi, na ni nini kilichoachwa nje.

Huenda ukastaajabu kuona mhakiki akishughulika na karatasi za jeshi badala ya mashairi na hadithi. Lakini kuwasifu mashujaa ni mojawapo ya kazi za kale kabisa za fasihi, nasi tusomao Kiswahili tumerithi tenzi ndefu za vita. Utenzi wa Tambuka, alioutunga Mwengo wa Athumani huko Pate mwaka 1728, una beti zaidi ya elfu moja. Mtunzi wa namna hiyo ana nafasi tele: huwataja watu wa pande zote mbili, huwapa maneno ya kusema, hututembeza kambini kabla ya kutufikisha vitani. Mwandishi wa tangazo la nishani hana nafasi hiyo. Yeye amepewa aya moja tu. Mtu apewaye aya moja hana budi kuchagua, na katika kuchagua kwake ndipo tutakapomjua.

Nimependa tuwatazame marubani wa ndege za kivita za majeshi ya maji, yaani wale waliorukia kutoka juu ya manowari za kuchukulia ndege. Sababu yangu ni hii. Askari wa nchi kavu hupigana kati ya wenzake, na matendo yake huonwa na wengi. Rubani wa ndege ya kivita hukaa peke yake katika kijumba kisichotosha mtu wa pili, juu ya bahari isiyo na alama, na jambo lake lote laweza kwisha kwa muda wa dakika chache. Ni nani aliyeona? Nishani haitolewi bila shahidi. Kwa hiyo kila tangazo la rubani limesimama juu ya macho ya mtu mwingine, na mara nyingi mtu huyo mwingine hatajwi.

Nianze na rubani aliyewahi kukaa katika nchi yetu. Robert Hampton Gray alikuwa Mkanada, mwana wa sonara wa mji mdogo wa Nelson katika jimbo la British Columbia. Alijiunga na jeshi la maji mwaka 1940, na baada ya kuhitimu urubani aliletwa Kenya, akakaa Nairobi akirusha ndege za Hurricane katika vikosi vya jeshi la maji vilivyokuwa na vituo vyao nchi kavu. Usishangae kusikia jeshi la maji Nairobi. Mwaka 1942, baada ya Wajapani kuipiga Ceylon kwa ndege, manowari za Waingereza za Bahari ya Hindi zilihamia Kilindini, na ndege zao zikatawanywa katika viwanja vya pwani na vya bara. Manowari moja iliyotia nanga Kilindini mwaka huo ni Formidable. Miaka miwili baadaye Gray alipewa nafasi katika manowari hiyohiyo, akaenda nayo kuishambulia Tirpitz ya Wajerumani kule Norway, na mwaka 1945 akawa nayo katika bahari ya Japani.

Tarehe 9 Agosti 1945 aliongoza ndege za Corsair kwenda kuupiga uwanja wa ndege wa Matsushima. Uwanja ulikuwa umekwisha kuharibiwa na waliotangulia. Njiani Gray alikuwa ameona manowari zimetia nanga katika ghuba ya Onagawa, basi akageuza. Alishuka chini sana, karibu na maji, huku akipigwa kutoka manowarini na kutoka vilima vya pande zote mbili. Ndege yake ilishika moto. Hata hivyo bomu lake lilipiga, nayo ndege ikaanguka ghubani. Kwa kazi ile alipewa nishani ya Victoria Cross, ambayo ni kuu kuliko zote za Uingereza, na tangazo lake likatolewa katika Gazeti Rasmi la London mwezi wa Novemba mwaka huo.

Tangazo lenyewe lina sentensi tatu tu. Ya kwanza yasema kwamba apewa nishani kwa ushujaa mkubwa wa kuongoza shambulio juu ya destroya ya Wajapani. Ya pili, ambayo ndiyo moyo wake, yaeleza mizinga ya nchi kavu, moto wa manowari kama tano hivi, jinsi alivyoruka chini ili asikose, na kwamba ijapokuwa alikuwa amepigwa na ndege yake inawaka, alilenga akapata, destroya ikazama. Ya tatu yamsifu kwa roho ya kupigana na kwa uongozi wake.

Sentensi ya pili ni maandishi mazuri, na yafaa uitazame vizuri. Haina sifa za kumwaga. Mwandishi ameyapanga matendo kama yalivyofuatana, na neno moja dogo, "ijapokuwa", ndilo lililobeba uzito wote: ndege inawaka, naye haachi. Ningependa kila mwanafunzi wangu aandikaye "shujaa hodari, jasiri, asiyeogopa kitu" ajifunze kwa sentensi hii. Nimesahihisha insha nyingi zenye mashujaa watatu katika mstari mmoja na tendo moja tu katika ukurasa mzima. Sentensi ya tatu nayo ni ya ofisini. Ingeweza kubandikwa juu ya mtu yeyote, wala hakuna ambacho kingepotea kama ingekatwa.

Lakini tangazo lile lina kosa. Chombo kilichozama, jina lake Amakusa, hakikuwa destroya. Kilikuwa ni manowari ndogo ya kusindikiza misafara ya meli. Je, mwandishi alidanganya? Sidhani. Marubani waliorudi walieleza walichoona kwa mwendo wa ndege ya kivita, katikati ya moshi, na karani akaandika walichosema. Walakini kosa hilo latufundisha kitu juu ya aina hii ya maandishi: adui ndani yake ni umbo la mbali tu. Hana jina, na aina ya chombo chake yaweza kukosewa bila mtu kujali. Siku ile ile, mbali kusini, mji wa Nagasaki ulipigwa kwa bomu la atomiki, na siku sita baadaye Wajapani walitangaza kusalimu amri. Ndani ya tangazo hakuna hata kivuli cha habari hizo. Vilevile hakuna neno juu ya ndugu yake Gray, aliyekuwa amekwisha kufa katika vita hivyo hivyo mwaka 1942. Wazazi wao walikuja kuipokea Victoria Cross wakiwa wamepoteza watoto wawili.

Kuna karatasi ya pili ya Gray, na nakuomba uziweke hizi mbili pamoja. Mwezi wa Julai 1945 alikuwa ameshiriki kuizamisha manowari ya Wajapani, na kwa hilo akapewa Distinguished Service Cross, iliyotangazwa wakati yeye amekwisha kufa. Tangazo lake lilisema tu kwamba ni kwa ushupavu na ustadi katika mashambulizi ya ndege juu ya Japani. Hapana siku, hapana mahali, hapana manowari. Ni mtu yule yule, bahari ile ile, na muda uliotenga matendo yale mawili haufiki majuma mawili. Ila mara hii karani hakuwa na haja ya kusimulia. Ukubwa wa nishani ndio uliopima wingi wa maneno.

Sasa twende kwa Wamarekani, ambao matangazo yao ni marefu zaidi. Sipendi kusema kwamba urefu umeyafaa yote. Tarehe 20 Februari 1942 Luteni Edward O'Hare alikuwa angani kuilinda manowari Lexington katika bahari ya kusini, si mbali na kisiwa cha Bougainville. Kundi la ndege za bomu za Wajapani lilitokea upande ambao haukuwa na walinzi ila yeye na mwenzake, Marion Dufilho. Bunduki za Dufilho zilikwama. O'Hare akaliingia kundi lile peke yake, akiwa na risasi za kupiga kwa muda wa nusu dakika hivi tu. Tangazo la Nishani yake ya Heshima, ambayo ni kuu kuliko zote za Marekani, lamhesabia ndege tano zilizoanguka na ya sita iliyoharibika sana.

Jambo zuri katika tangazo hili ni zile risasi. Mwandishi amekumbuka kusema kwamba zilikuwa chache na kwamba kila moja ilitumiwa vyema, na hapo twamwona mtu akifanya kazi: analenga, anajizuia, anahesabu. Jambo baya ni sentensi inayoliweka tendo lile kati ya matendo ya ujasiri kupita kiasi katika historia yote ya vita vya angani, na huenda kuyashinda yote. Mwandishi amepanda mlima, kisha akashikwa na hofu kileleni akaongeza "huenda". Kama ana hakika, na aseme. Kama hana, na akae chini. Zaidi ya hayo, wachunguzi waliosoma kumbukumbu za Wajapani baada ya vita waliona kwamba ndege zilizoanguka hasa zilikuwa pungufu ya tano. Hilo halimpunguzii O'Hare chochote, kwa maana aliyeingia katika kundi zima la maadui hawi shujaa zaidi kwa kuangusha tano kuliko kwa kuangusha tatu. Linalipunguzia tangazo, lililotaka tumpime kwa hesabu.

Na Dufilho je? Tangazo lasema O'Hare alikuwa peke yake bila msaada. Ni kweli. Lakini ilikuwa kweli kwa sababu kulikuwa na mtu wa pili ambaye bunduki zake zilikataa. Hakuna nishani ya mtu ambaye bunduki yake imekwama. Kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Na tangazo, ambalo limekusudiwa kumsifu mmoja, halina budi kuivuta ngozi yote upande wa huyo mmoja.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa tarehe 24 Oktoba 1944, karibu na visiwa vya Filipino. David McCampbell, mkuu wa marubani wa manowari Essex, alikutana na kundi la ndege za Wajapani kiasi cha 60. Alikuwa na Roy Rushing peke yake, kila mmoja katika Hellcat yake. Siku ile McCampbell alihesabiwa ndege tisa na Rushing sita. McCampbell alipewa Nishani ya Heshima. Rushing akapewa Navy Cross, ambayo ni ya daraja ya chini yake. Sina ugomvi na daraja hizo, kwa maana McCampbell alikuwa mkuu wa kikosi, na mwisho wa vita hesabu yake ilifika 34, ambayo hakuna rubani mwingine wa jeshi la maji la Marekani aliyeifikia. Ugomvi wangu ni na maneno. Tangazo la McCampbell lasema kwamba alisaidiwa na ndege moja tu. Rudia tena: ndege moja! Mtu aliyekaa ubavuni mwake dhidi ya ndege 60, aliyemlinda mgongo wakati wote ule, ameandikwa kama chombo. Na neno "tu" halikuwekwa kwa ajili ya Rushing. Limewekwa ili kuonyesha jinsi msaada ulivyokuwa haba, na hivyo kumkuza mwingine. Kwa ufundi wa kusifu ni neno la werevu. Kwa haki, silipendi.

Kisha linakuja tangazo ambalo naliona ndilo bora kuliko yote niliyoyataja, nalo pia lina mtu asiye na jina. Hili ni la vita vya Korea. Jesse Brown alizaliwa mwaka 1926 katika familia ya wakulima maskini wa Mississippi, na mwaka 1948 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kuhitimu urubani katika mafunzo ya jeshi la maji la Marekani. Thomas Hudner alikuwa mzungu wa Massachusetts, mwana wa watu wenye maduka. Walikuwa katika kikosi kimoja juu ya manowari Leyte. Tarehe 4 Desemba 1950 walikuwa wakiruka juu ya milima ya theluji karibu na bwawa la Chosin ili kuwasaidia askari waliozingirwa na majeshi ya Wachina. Ndege ya Brown ilipigwa, akalazimika kuitua mlimani. Wenzake walioko juu walimwona akipunga mkono, ila hatoki: mguu wake ulikuwa umebanwa ndani ya chuma kilichokunjamana, na moshi umeanza. Hudner akaishusha ndege yake makusudi, bila magurudumu, juu ya theluji ile, nyuma ya mistari ya adui.

Tangazo lake lafuata mambo yaliyotendeka, hatua kwa hatua. Kwa mikono mitupu alirundika theluji juu ya kiwiliwili cha ndege ili moto usimfikie mwenzake. Akavuta, akashindwa. Akarudi kwenye ndege yake iliyovunjika, akaita kwa redio helikopta iletwe na shoka na chombo cha kuzimia moto. Akabaki pale. Rubani wa helikopta alipofika wakajaribu tena wawili, wakipambana na wakati, baridi na moto, na juhudi yao haikufaa kitu.

Tazama ni vitu gani vilivyomo: mikono, theluji, shoka. Hakuna hata ndege moja ya adui iliyoangushwa. Na tazama zaidi kwamba tangazo limekiri kushindwa, mara mbili, bila kuficha. Nishani kuu ya taifa imetolewa kwa mtu ambaye hakufanikiwa, na mwandishi hakujaribu kutufanya tuamini vinginevyo. Hapa hesabu, iliyoyatawala yale matangazo mengine, haina kazi.

Lakini aliyebanwa ni nani? Tangazo lamwita rubani wa kikosi kile, tena majeruhi, tena, mwishoni kabisa, mwenzi wa merikebu moja. Jina la Jesse Brown halimo, wala rangi yake. Nimelifikiri jambo hili mara nyingi, nami nitakuambia maoni yangu, nawe uyapinge ukitaka. Upande mmoja, kunyamaza huko ni kuzuri. Amri ya Rais Truman ya kuondoa ubaguzi majeshini ilikuwa ya mwaka 1948, na katika Mississippi ya siku zile Brown na Hudner wasingeruhusiwa kula meza moja hotelini. Tangazo halisemi kwamba mzungu alimhurumia mweusi. Lasema baharia alimwendea baharia mwenzake. Naamini hivyo ndivyo Hudner mwenyewe alivyoliona jambo lile pale mlimani. Upande wa pili, neno "mwenzi" ni kubwa, lakini si jina. Mtu yule alikuwa na mke, Daisy, na mtoto mdogo wa kike. Maneno yake ya mwisho aliyomwachia Hudner yalikuwa kwamba amwambie Daisy kuwa anampenda. Mtu asomaye karatasi ile peke yake hawezi kujua kwamba alikuwa rubani wa kwanza wa namna yake, wala kwamba naye alikuwa shujaa. Brown alipewa Distinguished Flying Cross baada ya kufa, kwa karatasi nyingine. Ukizisoma karatasi zote mbili utampata. Ukisoma moja humpati. Kwangu mimi hasara hii yazidi faida ile. Jina lingeweza kuandikwa, na rangi ikaachwa, na tangazo lisingepoteza neno hata moja la heshima yake.

Tarehe 13 Aprili 1951 Rais Truman alimvika Hudner nishani yake, na Daisy Brown alikuwapo. Ulimwengu ukaendelea kuongeza yale yaliyokosekana katika matangazo. Katika mji wa Onagawa, mwaka 1989, lilisimamishwa jiwe la ukumbusho wa Gray juu ya ghuba ile ile alimofia, karibu na ukumbusho wa Wajapani waliokufa humo, na watu wa mji hawakuona vibaya kuziweka kumbukumbu hizo jirani. Baada ya tetemeko na mawimbi ya mwaka 2011 yaliyouharibu mji, lilihamishiwa mahali pengine mumo humo. Jeshi la maji la Marekani liliingiza kazini manowari yenye jina la Jesse L. Brown mwaka 1973, na nyingine yenye jina la Thomas Hudner mwaka 2018.

Hudner hakungoja manowari. Jioni ile ya mwaka 1950 alilazimika kuondoka na helikopta kabla ya giza, maana haikuweza kuruka usiku kati ya milima, naye alikuwa amemwahidi Brown kwamba watarudi na vyombo vya kumtolea. Siku tatu baadaye ndege za kikosi zilirudi, zikaliteketeza gofu lile la ndege pamoja na mwili, ili adui asiuchukue, huku marubani wakisema sala kwa redio. Mwezi wa Julai mwaka 2013, akiwa na umri wa miaka 88, Hudner alisafiri mpaka Pyongyang kuomba ruhusa ya kuyatafuta mabaki ya Brown. Mvua za masika zilikuwa zimeharibu njia za milimani, akaambiwa arudi hali itakapokuwa njema. Alifariki mwaka 2017, na Brown angali huko.